Mwaka Orrin Aliposahau Ngoma

Asubuhi ya Sikukuu ya Mavuno, Verna Maule alitoka jikoni mwa shule mara tatu kwenda kumwangalia mumewe, na kila mara alibeba kitu mkononi ili akionekana aonekane ana shughuli. Mara ya kwanza alibeba ndoo ya maganda ya tufaha, kama anayewapelekea nguruwe. Mara ya pili alibeba taulo. Mara ya tatu alijikuta ameshika kisu alichokuwa akikatia maboga, akavuka uwanja nacho hivyo hivyo, na wanafunzi waliokuwa wakipanga meza wakamtania kwamba leo kuna mtu atakiona cha mtema kuni.

Verna alikuwa mpishi wa Shule ya Marafiki ya Pell Hollow, shule ndogo ya bweni ya dhehebu la Kikristo la Marafiki, yenye wanafunzi arobaini na sita, kwenye vilima vya mashariki mwa Ohio. Orrin, mumewe, alikuwa msimamizi wa shamba la shule. Nyumba nyeupe waliyokaa karibu na banda la ng'ombe ilikuwa nyumba ya msimamizi wa shamba, na asiyesimamia shamba hakai ndani yake. Binti yao Junia, wa miaka kumi na saba, alikuwa mwaka wa mwisho, akisoma bure kwa kuwa wazazi wake ni watumishi wa shule. Mambo matatu, kamba moja. Verna aliijua kamba hiyo vizuri, na tangu Februari alikuwa anaishika peke yake.

Februari ndipo Orrin alipopotea akitoka malishoni kwa kondoo, mahali alipopita kila siku kwa miaka ishirini na sita. Alirudi suruali imelowa theluji hadi magotini, akasema alikuwa anakagua uzio. Tangu siku hiyo Verna ndiye aliyeagiza chakula cha mifugo kwa simu na kuandika daftari la maziwa kwa kuigiza mwandiko wake. Watu walipouliza mbona Orrin siku hizi mkimya, alisema amechoka.

Safari hii ya tatu alimkuta Orrin ameketi kitandani, shati jeupe la ngoma limefungwa vifungo vyote, soksi mguu mmoja.

Verna akachukua soksi ya pili chini ya kitanda, akamvisha, kisha akatoa mfukoni vikaratasi alivyokuwa ameandika kwa herufi kubwa.

"Hivi vya nini?"

"Hatua za ngoma. Dale ameomba mpangilio uandikwe mwaka huu, ajue apige nini kwa fidla yake baada ya nini."

"Dale? Yule hajawahi kusoma karatasi maishani mwake."

"Basi viweke tu mfukoni."

Orrin alivigeuzageuza. Kila mwaka ndiye aliyesimama jukwaani kuita hatua, na watu wa bonde zima, Marafiki na wasio Marafiki, walicheza kwa sauti yake. "Verna," akasema taratibu, "unadhani nitasahau?"

Akamjibu hapana, na akarudi kwenye pai zake.

Saa tisa alasiri uwanja ulikuwa umejaa. Walikuja wakulima wa bondeni na wake zao, wanafunzi wa zamani wenye mvi, wazazi waliosafiri siku nzima. Watoto walizungusha mashine ya kukamua tufaha, nyigu wakiwaandama. Kila mtu alikula supu ya maharage na mkate, akapewa kipande cha pai ya maboga. Kisha, kama ilivyo desturi, mkuu wa shule akainamisha kichwa bila kusema neno, na watu mia mbili wakakaa kimya kwa dakika nzima. Marafiki, ambao watu wa nje huwaita Wakweka, huomba hivyo. Wageni huangalia viatu vyao.

Saa kumi fidla ya Dale Crum ikaanza, na watu wakajipanga mistari miwili ndani ya ukumbi wa mbao.

Ngoma ya kwanza ilikwenda vizuri. "Wa juu, shukeni katikati! Mpe mwenzio mkono wa kulia, mzungushe; wa kushoto, mrudishe!" Sauti ya Orrin ilijaa ukumbi kama zamani. Verna alikuwa mlangoni, aproni bado kiunoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yakashuka.

Ngoma ya pili Orrin akaita ile ya kwanza. Watu wakacheka kidogo, wakaicheza tena. Dale, mkulima wa ng'ambo ya barabara, asiye Mkweka na mwenye ulimi wa kuchoma, akamwinamia: "Mzee, hiyo tumeshaila. Lete sahani nyingine." Orrin akatabasamu. Akaita ileile mara ya tatu, akafika katikati, akanyamaza. Mistari ikagongana. Mtu akamkanyaga mtu. Dale aliendelea kupiga, akizunguka juu ya kipande kimoja cha wimbo, macho kwa Orrin, akimsubiri. Orrin alitazama ukumbi kama mtu aliyeamka ndani ya nyumba asiyoijua.

Linh, msichana wa kidato cha pili aliyetoka Hanoi, alikuwa karibu na jukwaa. Yeye alifanya kazi zizini kila asubuhi na Orrin ndiye aliyemfundisha kukamua. Akapanda ngazi mbili, akamshika mkono ampeleke kwenye kiti.

"Wewe nani?" Orrin akasema. "Niachie. Toka shambani kwangu."

Na akamsukuma kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote za mtu wa shamba. Linh alianguka chini ya jukwaa, mkono wake ukapiga ukingo wa benchi. Waliokuwa karibu walisikia mfupa. Sauti ya fidla ikakatika.

Junia alikuwa katika mstari wa pili, amemshika mkono mtoto wa jirani. Aliuachia. Katika shule ile hata watoto waliopigana kwa mito bwenini huitwa wakae chini wazungumze juu ya amani. Hakuna aliyewahi kuona mtu mzima akimwinulia mwanafunzi mkono. Watu mia mbili walisimama kimya, na ukimya huo haukuwa wa kuomba.

Verna alimtoa mumewe kwa mlango wa nyuma. Njiani Orrin alimuuliza mbona wanarudi mapema, ngoma imekwishaje na jua bado lipo.

*

Kesho yake, baada ya ibada, Constance Yarnall, mkuu wa shule, alikuja nyumba nyeupe pamoja na wajumbe wawili wa kamati ya shule. Walimletea mpishi sufuria ya supu. Verna aliipokea, akaishukuru, akaiweka juu ya jiko lililokuwa tayari na sufuria mbili za supu yake mwenyewe.

Orrin alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni. Constance alisema kwamba mkono wa Linh umevunjika mahali pawili, kwamba wazazi wake wamepigiwa simu, kwamba wote wamekaa asubuhi nzima wakimweka Orrin kwenye Nuru, ambayo ni namna yao ya kusema wamemwombea. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo, na kadiri neno lilivyokuwa zito ndivyo sauti yake ilivyozidi kupungua.

"Verna, kuna jambo sina budi kuuliza. Ulijua?"

"Amechoka tu," Verna alisema. "Tangu kiangazi hajapumzika."

"Mama." Junia alikuwa ameketi katikati ya ngazi, hakuna aliyemwona akishuka. "Mwezi wa nane uliniambia mmeenda kwa daktari. Daktari alisema nini hasa?"

Wajumbe wakatazama mikono yao.

"Hatukwenda," Verna alisema.

"Hamkwenda."

"Angeandika jina la ugonjwa kwenye karatasi, na karatasi ingefika ofisini. Ningefanya nini, Junia? Ulibakiza mwaka mmoja."

"Mngeniambia mimi. Mimi si mtu wa nyumba hii?"

"Ningekwambia ungeweza kunyamaza? Wewe wamekulea hapa. Uongo kwako ni kama mfupa kooni. Ungesema."

"Ndiyo, ningesema," Junia alijibu. "Na mkono wa Linh ungekuwa mzima."

Verna alimgeukia Constance, akasema kwamba alijua tangu Februari. Alisema yote: agizo la chakula, daftari la maziwa, vikaratasi. Alikuwa amesimama kana kwamba anatoa hesabu ya sahani zilizovunjika. Constance alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaomba, kwa sauti iliyokuwa karibu kutosikika, funguo za trekta na za gari la shamba.

Verna alizitoa kwenye msumari. Zilikuwa bado mkononi mwa Constance Orrin alipoingia na mzigo wa kuni, akaziona, uso ukamchangamka.

"Constance! Leo umeamua kuendesha trekta? Usiende peke yako, ile klachi ina wazimu. Twende nikuoneshe."

Mjumbe mmoja alicheka kwa mazoea, akajikatiza. Constance alimtazama Verna, halafu Orrin aliyekuwa ameshamfungulia mlango. Akaenda. Kupitia dirishani walimwona Orrin amesimama kando ya trekta, akieleza kwa mikono, subira tele, na mkuu wa shule akitikisa kichwa kuitikia, funguo zimefichwa ndani ya mfuko wa koti.

*

Daktari wa mjini aliutaja ugonjwa kwa jina lake, akasema hauna tiba, akampa Verna vijitabu viwili vyenye picha za wazee wanaotabasamu.

Wiki hiyohiyo Verna alimpeleka Orrin bwenini kumwomba Linh radhi. Usiku kucha alikuwa amemfundisha la kusema, na asubuhi Orrin alilisema vizuri mara nne mezani. Lakini alipomwona msichana na plasta yake nyeupe, alivua kofia, akasikitika kweli.

"Umefanyaje mkono, binti yangu? Ni yule ng'ombe wa kahawia? Nilikwambia usisimame nyuma yake."

Linh alimtazama Verna. Verna alitazama sakafu.

"Unauma kidogo tu, Orrin," Linh alisema. "Utapona."

"Nitakukamulia mimi mpaka upone," Orrin alimwahidi.

Siku hizo watu walikuwa wema kwa Verna kupita kiasi. Wanafunzi walisimama kumpisha. Walimu walifika jikoni kuosha vyombo ambavyo hawakuwahi kuviosha. Mwalimu wa hesabu alimkumbatia mbele ya jiko, uji ukaungua. Lakini hakuna aliyemwachia tena Orrin avuke uwanja peke yake. Palikuwa na mtu daima hatua kumi nyuma, anayejifanya anaokota majani. Verna aliuona wema na aliwaona waokota majani, na hakujua amshukuru nani na amchukie nani.

Junia alihamia bwenini bila kuaga. Alikuja kuchukua nguo zake wakati mama yake yuko kazini. Jikoni alipokea chakula kama wanafunzi wengine, akasema asante, akaenda.

Mwezi wa kumi na moja kikafanyika kikao cha shule. Marafiki hawapigi kura. Wanakaa kwenye mabenchi, anayesukumwa moyoni anasimama, anasema, anaketi. Kati ya neno na neno wananyamaza, mpaka waone wamekuwa na nia moja, na karani anaandika. Siku hiyo walinyamaza muda mrefu mno. Mmoja alisimama akasema shamba linahitaji msimamizi kabla ya kondoo kuzaa. Mwingine akasema msimamizi atahitaji nyumba. Wa tatu akauliza kama familia haiwezi kupewa chumba mahali pengine hapo shuleni. Constance akasimama, akaeleza kwamba wazazi wa wanafunzi wameuliza maswali, na kwamba yeye hawezi kuwaahidi kuwa jambo lile halitatokea tena. Aliketi, akafunika uso.

Kisha Verna akasimama. Kwa miaka yote aliyoishi Pell Hollow hakuwahi kusema kikaoni. Kazi yake ilikuwa chai ya baadaye.

"Nilificha," alisema. "Sikuficha kwa ajili ya heshima ya mume wangu, msije mkanisifu kwa hilo. Nilificha kwa sababu ya nyumba. Mtoto wa watu ameumia kwa sababu ya paa langu. Sitaficha tena, kwa yeyote, hata kama ni neno dogo. Hilo ndilo nililokuwa nalo."

Akaketi. Mabenchi matatu nyuma, Junia alikuwa analia kwa mkono mdomoni, lakini Verna hakugeuka.

Karani aliandika, akasoma alichoandika: kwamba kikao kimeona vyema kuwaachilia Orrin na Verna majukumu yao kwa upendo, ifikapo katikati ya Desemba, na kwamba Junia atamaliza shule bila malipo. Akauliza kama wote wameridhia. Wakasema wameridhia. Verna pia alisema ameridhia, maana ndivyo inavyosemwa.

Nje, Dale Crum alikuwa ameegemea gari lake, amekuja kusikia. Verna alimwambia yaliyoandikwa.

"Kuachiliwa kwa upendo," Dale akarudia. Akatema mate pembeni. "Sisi huku bondeni tunaita kufukuzwa. Lakini hatuna maneno mazuri."

"Nyamaza, Dale."

"Nimenyamaza. Gari langu kubwa liko bure Jumamosi yoyote utakayosema."

*

Jumamosi ya kuhama, theluji nyepesi ilikuwa inaanguka na kuyeyuka. Shule nzima ilikuja. Walipanga mstari kutoka mlangoni hadi kwenye gari la Dale, wakipokezana maboksi mkono kwa mkono, kama walivyofanya kila mwaka kupokezana marobota ya nyasi. Wengine walileta vyakula vilivyofungwa kwa foili, vingi mno kwa watu wawili wanaokwenda kukaa chumba cha nyuma kwa dada wa Verna, katika mji wa kiwanda cha vioo kilichofungwa.

Aliyefanya kazi kuliko wote alikuwa Orrin. Alibeba kabati la nguo mgongoni akakataa kusaidiwa. Alipanda juu ya mzigo, akafunga kamba kwa mafundo yake yale yasiyolegea, akiwaelekeza vijana kwa furaha. Kilichokuwa kimepotea kichwani mwake kilikuwa bado kipo mikononi. Wageni wangemwona wangesema ndiye msimamizi wa mahali pale.

Aliteremka, akapangusa mikono, akamwendea Verna kwenye ngazi za mlango.

"Nani anayehama?"

Verna alikuwa ameshika boksi la sahani. Waliokuwa karibu walilisikia swali, na mstari ukasimama. Alikumbuka alichokisema kikaoni mbele yao hao hao.

"Ni sisi, Orrin."

"Sisi?" Akatazama gari, akaona kabati, akalitambua. "Tumefanya nini?"

"Hatujafanya kitu. Unaumwa. Huwezi tena kusimamia shamba."

Aliketi kwenye ngazi, palepale penye majimaji ya theluji, akalia kwa sauti, kama wanaume wa kule wasivyolia. Watu arobaini na zaidi walikuwa wameshika maboksi, hawajui wayaweke chini au wasiyaweke. Constance alipiga hatua moja, akasita. Junia ndiye aliyetoka kwenye mstari, akaketi upande mmoja wa baba yake, na Verna upande wa pili, na boksi la sahani likabaki magotini mwake mpaka kilio kilipokwisha. Kilikwisha ghafla, kama kilivyoanza. Orrin akainuka, akauliza kama kuna kingine cha kubeba.

Dale alitangulia na mzigo. Verna alifuata na gari lao dogo la mizigo, Orrin dirishani, Junia katikati, kwa kuwa alikuwa amesema atakwenda kuwasaidia kushusha na atarudi na Dale. Wote walisimama barabarani kuwapungia. Orrin aliwapungia pia, mpaka kona ilipowaficha.

Walishuka kilima. Karibu na daraja Orrin alisema, "Wale watu wa nyumba nyeupe. Inasikitisha. Mwezi huu si wa kuhamisha watu. Wamekwenda wapi?"

Verna alikuwa na neno tayari mdomoni, lile lile la kwenye ngazi: ni sisi.

"Wamepata mahali, Baba," Junia alisema. "Kwa ndugu zao."

"Wameondoka vizuri?"

"Vizuri sana. Kila mtu alikuja kuwasaidia."

"Hapo sawa," Orrin alisema, akaegemeza kichwa kwenye kiti. "Watu wa Pell Hollow ndivyo walivyo."

Verna alimtazama binti yake. Junia hakugeuka; macho yake yalikuwa kwenye gari la Dale lililo mbele, na mashavu yake yalikuwa yamelowa. Verna akabadilisha gia. Kabla hawajafika barabara kuu Orrin aliuliza tena, na Junia akamjibu vilevile, neno kwa neno, kwa sauti ileile ya upole.